Barua, Muhuri na Maji Kupwa

Lokesheni ni mahali panapochaguliwa ili kamera isimame na hadithi ionekane kana kwamba imetokea hapo. Kwa filamu nyingi za Kitanzania mahali hapo ni sebule ya jijini Dar es Salaam: sofa kubwa, luninga kubwa kuliko sofa, kapeti, na bilauri za juisi ambazo hakuna anayezimaliza. Sebule ina faida zake. Haina mtendaji wa kijiji, haihitaji pantoni, na mvua ikinyesha inanyesha nje. Taabu huanza siku mwandishi wa muswada anapoandika maneno mawili tu, "Ufukweni, alfajiri," kisha akaenda zake kulala. Tangu hapo filamu imehamia mikoani, na mikoani kila mahali pana mwenyewe, hata pale panapoonekana pori tupu.

Ukanda wa pwani kutoka Bagamoyo hadi Tanga unafaa kueleza jambo hili, kwa kuwa ndani yake vimo karibu vyote ambavyo kamera huvitamani: majumba ya kale, magofu, mto mpana, minazi, mashamba ya mkonge, hifadhi ya wanyama inayoishia baharini, na mapango. Tena Bagamoyo iko karibu na Dar es Salaam kiasi cha kumfanya mtayarishaji aamini kwamba kikosi chake kitakwenda asubuhi na kurudi jioni. Imani hiyo ndiyo chanzo cha gharama nyingi.

Utafutaji huanza kwa simu. Mtayarishaji humpigia mwenyeji, naye hutuma picha, na picha hizo zina tabia moja: zimeukwepa mnara wa mawasiliano kwa ustadi mkubwa. Nyumba ya kale yenye mlango wa kuchonga huonekana imesimama katika utulivu wa karne nyingine. Kikosi kikifika hukuta ubavuni pana fundi wa kuchomelea mageti anayeanza kazi saa mbili asubuhi, mbele pana kibanda cha miamala ya simu kilichopakwa rangi inayoonekana kutoka baharini, na juu ya paa kuna madishi matatu. Kwa hadithi ya leo hilo si tatizo. Kwa hadithi ya wakati wa Wajerumani, dishi la kwanza linaweza kufunikwa kwa makuti, la pili kwa nguo iliyoanikwa, na la tatu hulazimisha kamera itazame chini hadi filamu iishe.

Msaidizi wa kuaminika kuliko wote katika kazi hii ni dereva wa bodaboda. Anajua kila njia, kila geti na kila mbwa. Upungufu wake ni mmoja: ana fahari na mji wake. Akiambiwa inatafutwa nyumba nzuri ya kupigia filamu, huwapeleka wageni moja kwa moja kwenye nyumba mpya yenye vigae, madirisha ya alumini na ukuta wa matofali ya urembo. Wageni huitazama kwa adabu, kisha huuliza kama hakuna nyingine iliyochakaa kidogo. Hupelekwa kwenye iliyochakaa kidogo. Huomba iliyochakaa zaidi. Hapo dereva huzima pikipiki, huvua kofia, na kuuliza kwa upole kama filamu yenyewe inahusu nini, maana watu wa hapa nao wana heshima zao.

Swali hilo ni la haki, na majibu yake huleta ajali inayojulikana na kila meneja wa lokesheni. Nyumba ya udongo hupatikana. Imepasuka ukutani, makuti yamelegea, mlango umeshikiliwa kwa kamba ya mkonge, na mwongozaji anakaribia kulia kwa furaha. Mama mwenye nyumba anakubali, bei inapatana, malipo ya awali yanatolewa, tarehe inapangwa. Kikosi kinaporudi na magari mawili na jenereta, hakiioni nyumba. Kinapita mbele yake mara mbili. Mama amezipokea zile fedha na kuzitumia inavyopasa: nyufa zimezibwa, ukuta umepakwa chokaa, bati jipya linang'aa hadi kuumiza macho, na mlangoni pamepandwa maua. Yeye mwenyewe amesuka nywele na kuvaa doti mpya ya kanga. "Karibuni wanangu," husema, "nimewasafishia." Hakuna mtu kikosini mwenye roho ya kumweleza kwamba walichokuwa wamekilipia ni nyufa. Mwongozaji hukaa juu ya kasha la taa, hunywa maji, na jioni hiyo muswada hubadilishwa: mhusika aliyekuwa fukara anakuwa na mtoto anayemtumia fedha kutoka mjini.

Nyumba za kale za mawe zina tatizo la upande wa pili. Nyingi ni za urithi, na anayeshika ufunguo si lazima awe na neno la mwisho. Mkataba husainiwa na Mzee wa hapo barazani. Kamera ikishafungwa, hufika shangazi na kusema kwamba chumba cha juu ni fungu lake. Baada yake hufika kijana anayesema ua wa nyuma ni wa marehemu baba yake, na kwamba pale kisimani hapapigwi picha. Kisha simu hulia, naye ni ndugu aliyeko Muscat, ambaye hajaiona nyumba hiyo kwa miaka mingi lakini amekwisha kuona kwenye kundi la familia picha ya mtu asiyemjua ameegemea mlango wa babu yake. Ndugu wa Muscat huzungumza kwa adabu sana na kwa muda mrefu sana. Dawa iliyothibitika ni kuitisha kikao cha familia kabla ya kusaini chochote, kuagiza kahawa na kashata, na kumpa simu aliye mbali naye aseme lake. Hilo humaliza siku nzima, nayo ni rahisi kuliko siku mbili za kikosi kizima kukaa bure.

Upande wa serikali, msingi kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Ilitungwa wakati ambapo Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na leo inamhusu hata kijana anayeshuti tamthilia kwa simu. Ndiyo inayotaka filamu isitengenezwe bila kibali, na ndiyo iliyoweka Bodi ya taifa pamoja na bodi za mikoa na wilaya. Mwombaji hupeleka muswada, muhtasari, orodha ya waigizaji na watendaji, pamoja na mahali na tarehe za kupiga picha. Wageni kutoka nje wana mzigo zaidi: mambo ya uhamiaji, ushuru wa vifaa, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 sharti la kuiachia Bodi nakala ya picha ghafi walizopiga nchini.

Kibali kikitoka, mtayarishaji mgeni katika kazi hukipiga picha, hukiweka kwenye hadhi yake ya mtandaoni na kuandika kwamba safari imeanza. Hajakosea, imeanza kweli. Karatasi hiyo sasa inapaswa kuteremka. Kutoka makao makuu hufika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye huandika barua kwenda wilayani. Wilayani kuna Katibu Tawala wa Wilaya na kuna Mkurugenzi wa Halmashauri, na barua iliyopelekwa kwa mmoja wao hugundulika kwamba ilipaswa kuanza kwa mwingine. Mkurugenzi humwagiza Afisa Utamaduni. Afisa Utamaduni humwandikia Mtendaji wa Kata. Mtendaji wa Kata humwandikia Mtendaji wa Kijiji. Nakala huenda polisi. Kila barua hunukuu iliyotangulia, kila moja ni ndefu kuliko iliyotangulia, na sehemu ya "Nakala kwa" huota mizizi hadi ukurasa wa pili. Lililoandikwa Dar es Salaam kwamba kikosi kitapiga filamu fupi ya mapenzi, likifika kijijini linaweza kusomeka kwamba wataalamu kutoka wizarani wanakuja kupima. Wananchi hujiandaa kuulizia fidia.

Kijijini ndiko kwenye muhuri, na muhuri wa kijiji ni chombo kinachostahili maelezo. Haukai ofisini. Hukaa kwenye mkoba wa Mtendaji, na Mtendaji hukaa msibani, shambani, kwenye semina wilayani au kwenye mgogoro wa mpaka baina ya shamba la muhogo na ng'ombe wa watu. Kikosi hupewa benchi. Hupewa pia matumaini: "Yuko njiani." Anapofika, husalimia wote mmoja mmoja, huuliza habari za huko watokako, husoma barua zote tangu ya kwanza, kisha hufungua kibati cha wino. Wino umekauka. Mtendaji huupumulia muhuri kwa kinywa kilicho wazi, mara mbili, kwa utulivu wa mtu aliyefanya hivyo miaka yote, na kuubana juu ya karatasi kwa uzito wa mwili mzima. Hutokea nusu duara ya rangi ya zambarau iliyofifia, na ndani yake husomeka neno "KIJIJI" peke yake. Kwa mujibu wa taratibu zote zinazojulikana, filamu sasa imeruhusiwa.

Kabla ya hapo, hata hivyo, mara nyingine huombwa muswada, na hapo ndipo waandishi wengi hugundua walichokiandika. Hadithi za Kiswahili zinapenda kuwa na kiongozi wa kijiji mla rushwa. Anauza ardhi ya mjane, anakunywa pombe ya wenyewe bila kulipa, na mwishoni anakamatwa mbele ya umati. Muswada huo huwekwa mezani mwa kiongozi wa kijiji. Yeye huusoma akiinua nyusi kila ukurasa, na hatimaye huuliza swali moja: huyu mtu wenu ni mtendaji wa wapi? Wenye akili hujibu haraka kwamba ni wa wilaya nyingine. Wenye akili zaidi hutaja mkoa mwingine. Wapo ambao walimwomba mwenyewe aigize nafasi hiyo. Dawa hii hufanya kazi vizuri kuliko inavyostahili, isipokuwa kwamba anayeigiza hukataa katakata kukamatwa mwishoni.

Wazee nao hawana ofisi, lakini hakuna kibali kinachotimia bila wao. Kikosi kinachokwenda Pangani kutengeneza filamu ya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani hapo Desemba 1889, kitajikuta kikipewa ruhusa na masahihisho kwa pamoja. Mzee mmoja atasema kilemba hakifungwi hivyo. Wa pili atasema wa kwanza hajui vilemba. Wote watakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kijana aliyepewa nafasi ya Bushiri ni mwembamba mno. Yafaa kusikilizwa. Filamu ya Aisha ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na asasi ya UZIKWASA yenye makao hapohapo Pangani, inaonyesha faida ya kushuti mahali ambapo watengenezaji wanajulikana kwa majina na kwa salamu: watu wa mji hawawi kikwazo cha filamu, wanakuwa sehemu yake.

Sehemu inayowachanganya hata wakongwe ni kujua nani anasimamia nini. Akili ya kawaida inasema magofu yako chini ya watu wa magofu na misitu iko chini ya watu wa misitu. Miaka ya karibuni serikali iligawa vituo kadhaa vya mambo ya kale kwa taasisi za uhifadhi zenye magari na bajeti, ili vitunzwe na kutangazwa. Nia ni njema, na matokeo yake kwa mtafuta lokesheni ni somo jipya la jiografia. Anayetaka kupiga picha kwenye magofu ya Kaole, pamoja na msikiti wake wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, atazungumza na Wakala wa Huduma za Misitu. Anayetaka mapango ya Amboni, nje kidogo ya jiji la Tanga, atazungumza na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo kreta yake iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Mamlaka hiyohiyo ndiyo inayoangalia kimondo cha Mbozi kule Songwe, jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni bila kuuliza lisimamiwe na nani. Kilwa Kisiwani imekwenda kwa wenye wanyamapori. Meneja wa lokesheni anayeyajua haya kwa kichwa hapaswi kulipwa chini ya mwigizaji mkuu.

Akiondoka kwenye magofu, hajaachwa huru. Tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani ni wa TANAPA na wana ada zao. Stesheni ni ya Shirika la Reli, gati ni la Mamlaka ya Bandari, stendi ni ya halmashauri, mkonge una mwenye shamba, na barabara ya kufika huko ni ya TANROADS au TARURA kutegemea aina yake. Kila mmoja hutoa namba yake ya malipo, na kila namba huisha muda. Daraja dogo linaloonekana halina mwenyewe ndilo lenye mlinzi.

Droni inahitaji fungu lake. Kuirusha kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na vyombo vya ulinzi navyo vina neno, kwa hiyo anayekwenda mkoani na droni isiyo na karatasi hujifunza mambo mengi katika kituo cha polisi, likiwemo hili: askari pia hupenda kuona picha zilizopigwa. Hata yenye karatasi zote ina adui asiyesoma vibali, naye ni kunguru. Kuna adui wa pili, watoto. Droni ikipaa, wao huacha mpira, huacha shule na kuikimbilia wakipunga mikono, hivyo kwamba picha ya juu ya kijiji kilichohamwa kwa sababu ya njaa huwa na watoto mia wenye furaha.

Siku ya kushuti ina ajali zake, na kubwa hutokana na kufanya vitu vifanane mno na kweli. Sare za polisi haziruhusiwi kuvaliwa ovyo. Inabidi Mkuu wa Polisi wa Wilaya ajue, na mara nyingi huleta askari wa kusimamia askari bandia. Lakini waendesha bodaboda hawajaambiwa. Mwigizaji aliyevaa nyeupe akisimama ukingoni mwa barabara kusubiri sini yake, pikipiki ya kwanza isiyo na kofia ngumu hugeuza ghafla na kurudi ilikotoka. Ya pili huingia shambani. Baada ya robo saa barabara imekauka, sini ya msongamano haiwezekani tena, na dereva wa lori amekwisha kuteremka akiwa na leseni mkononi na sauti ya kuomba radhi.

Msiba wa kuigiza ni mgumu kuliko huo. Turubai likifungwa, viti vikipangwa, mikeka ikitandikwa na wanawake watatu wakijifunika kanga, kijiji hakihitaji tangazo. Mpita njia husimama, huvua kofia, huingia na kuketi. Mama mmoja huja na ndoo ya mchele. Mwingine huanza kulia kwa kweli, maana kila msiba humkumbusha wake. Mtu hupitisha daftari la rambirambi, na majina huandikwa. Msaidizi wa mwongozaji inabidi sasa apite mkeka kwa mkeka akinong'ona kwamba hakuna aliyefariki, na jambo hilo halipokelewi kama habari njema. Hupokelewa kama utovu wa adabu. Fedha hurudishwa kwa kufuata daftari. Mchele haurudishwi, hupikwa.

Kaburi lenyewe huwa na mashauri zaidi. Kuchimba kaburi na kuliacha tupu ni jambo ambalo vijiji vingi havitalikubali, kwa imani kwamba shimo la namna hiyo humtafuta mwenyewe. Wazee husema litiwe mgomba na kufukiwa. Kwa hiyo bajeti ya filamu yenye sini ya mazishi inapaswa kuwa na kifungu cha mgomba, na mhasibu asiyejua mila atauliza. Aelezwe tu.

Baada ya watu kuna bahari, ambayo haina ofisi wala haipokei barua. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwenye fukwe tambarare kama za Bagamoyo maana yake ni kwamba bahari huondoka kabisa. Sini ya kuagana huanza asubuhi. Jahazi linaelea, binti amesimama hadi magotini majini, machozi yanatoka kwa wakati wake. Kisha fundi sauti analalamika, adhuhuri inaadhiniwa, watu wanakula wali na samaki, na kamera inahamishwa kumtazama nahodha. Nahodha yupo. Jahazi lipo pia, limelala ubavu juu ya mchanga, kaa wanapita chini yake, na maji yako mbali kiasi cha kuhitaji baiskeli. Kwenye filamu iliyokamilika, binti anaaga akiwa baharini na mpenzi wake anamjibu kutoka jangwani.

Nahodha alijua. Nahodha hujua siku zote; hesabu ya maji aliipata kwa mwezi kabla ya kupata jino la pili. Hakusema kwa sababu hakuulizwa, na alipangiwa aketi pale na kutazama mbali, akafanya hivyo. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la kila mwaka kwa wasiopenda kuuliza manahodha.

Majira ya mvua yanajulikana na hayahitaji maneno mengi: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na filamu ya kiangazi iliyopangwa Aprili itakuwa filamu ya mafuriko. Umeme hauhitaji hata hayo.

Wanaovuka kwenda Zanzibar wajue kwamba mambo ya filamu si ya Muungano. Kibali cha Bara hakitumiki huko, kuna baraza lake la sanaa, sensa, filamu na utamaduni, na Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi. Kwamba kazi kubwa inawezekana ilionekana mwaka 2021, Amil Shivji alipotoa Vuta N'kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Zanzibar ya kabla ya uhuru iliyopigwa katika mitaa ambayo leo imejaa nyaya na vespa.

Kuna wachache walioruka vikwazo hivi vyote, lakini mifano yao haiwafai wengi. Mwaka 2021 filamu ya The Royal Tour ilipigwa katika sehemu mbalimbali za nchi, Bagamoyo ikiwemo, na haidhaniwi kuwa ilikaa benchi kumsubiri Mtendaji, kwa kuwa mwigizaji wake mkuu alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Njia nyingine ilioneshwa na Hardy Krüger, mwigizaji Mjerumani aliyekuja Arusha kushuti Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962. Aliipenda lokesheni ya Momella, akanunua shamba hapo. Hiyo ni suluhu ya kudumu ya tatizo la mwenye nyumba, kwa mwenye uwezo.

Kwa asiye Rais wala asiye na fedha za shamba, utaratibu unaofanya kazi ni wa kinyume na ule wa kwenye karatasi. Huanza chini. Mtu mmoja hutangulia miezi mitatu kabla, bila kamera, husalimia mwenyekiti, mtendaji, wazee, imamu, nahodha na mama mwenye nyumba, hueleza hadithi yote pamoja na sehemu zake mbaya, na kumsihi mama asipake chokaa. Barua ya mkoa ikiteremka baadaye hukuta watu wanaoijua, na Mtendaji hutia muhuri kabla ya kuketi. Apeleke na kibati kipya cha wino.

Kazi ikiisha, taka huzolewa, mashimo hufukiwa, madeni ya mamantilie hulipwa, na Mtendaji huandika barua kwamba kikosi kimeondoka salama. Filamu ikishakamilika hurudishwa Bodi ya Filamu, huko hukaguliwa na kupangiwa daraja la umri wa watazamaji kabla ya kuoneshwa hadharani, na kwa hilo kuna fomu nyingine ya kujaza na ada nyingine ya kulipa.